Makala Tuliyompa Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kalamu nyekundu, maana Bukavu nilikokulia nilikuwa msahihishaji katika matbaa ndogo, na niliamini kwamba kuhariri jarida la kitaalamu ni kuwinda makosa ya herufi tu. Tulikuwa tumerudi Rwanda mimi na mke wangu, tukapata nyumba Kamembe, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Bukavu ya Kongo, na taasisi iliyokuwa ikichapisha jarida la kilimo na uvuvi ilikuwa inatafuta katibu wa uhariri. Mhariri Mkuu alikuwa padri mstaafu, mrefu, mwenye kikohozi cha tumbaku, aliyewahi kufundisha kemia. Alinisukumia rundo la miswada, akaweka mkasi juu yake.

“Kata majina,” alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kwenda sokoni.

“Kata majina ya hawa bantu bote. Mwenye kusoma hii kazi asijue ni ya nani. Akijua ni ya ndugu yake, atamuhurumia. Akijua ni ya adui yake, atamuchinja.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mapitio ya kitaalamu. Nawaeleza ninyi mnaoanza leo, ambao mashine inawafanyia kila kitu: mwandishi analeta muswada, nasi tunaupeleka kwa wahakiki wawili wanaoijua fani ile. Wahakiki hawajui mwandishi ni nani, na mwandishi hajui wahakiki ni akina nani. Wao wanashauri kama kazi ipite, irekebishwe au ikataliwe, na Mhariri Mkuu ndiye anayeamua. Kwenye karatasi ni jambo safi kabisa. Lakini huku kwetu kila mtu anamjua kila mtu, na mkasi haukutosha. Mhakiki akisoma habari za udongo wa Rwimbogo, alikuwa anajua mara moja mwandishi ni nani, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyepanda pikipiki kila wiki kwenda kuchimba udongo Rwimbogo.

Padri aliona dawa ni kuvuka mpaka. Miswada yetu aliituma Bukavu au Bujumbura, na ya Bukavu niliipeleka mimi mwenyewe kwa miguu, bahasha kwapani, jetoni, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, mfukoni. Kazi hiyo ilikuwa na mtihani wake. Mhakiki wa Bukavu hawezi kukuacha usimame mlangoni. Atakuketisha, mke wake ataleta fufu na sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na ukishashiba atakuuliza kwa upole, “Mzee, huyu mwenye kuandika ni mutoto wa nani?” Nilijifunza kula bila kujibu. Padri aliniambia kuwa hiyo ndiyo nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kusoma.

Nilimpenda yule padri, ingawa alikuwa mkali na hakujua kusifu. Alipozeeka kabisa wakamrudisha kwenye nyumba ya mapadri wenzake. Nikapandishwa kuwa mhariri msaidizi, kisha mhariri mtendaji, cheo ambacho kwa jina ni kikubwa na kwa kweli ni kuwa mtu wa kulaumiwa. Mhariri Mkuu mpya alikuwa profesa wa kilimo, mtu mpole, msikivu, asiyependa ugomvi. Alikuwa akifungua kila mkutano kwa kuuliza habari za familia zetu. Nilifanya naye kazi mpaka mwisho, na sina neno baya la kusema kuhusu moyo wake. Shida ni kwamba mtu asiyependa ugomvi, katika kazi yetu, anawaachia wengine waumizwe.

Katika miaka yake mambo yalibadilika. Miswada ikaanza kuja kwa barua pepe, mkasi ukawa wa kufungulia maziwa ya paketi. Tukapata programu ya kutambua wizi wa maandishi, yaani mtu anapochukua maneno au matokeo ya mwingine na kuyaita yake. Yakaja na majarida ya ulaghai, yanayochapisha chochote ukilipa, yakiwasumbua vijana wetu kwa ujumbe wa “Mtafiti mashuhuri, tunasubiri kazi yako.” Na orodha za waandishi zikaanza kurefuka. Niliwahi kupokea makala fupi sana yenye waandishi wengi kuliko kwaya ya parokia ya Nkanka. Mkuu wa idara alikuwamo, naibu wake alikuwamo, na aliyewaazima gari naye alikuwamo. Hao tunawaita waandishi wa heshima, na heshima yenyewe ndiyo inayotuua.

Kanuni ni rahisi. Mwandishi ni yule aliyefanya sehemu ya kazi, akasoma toleo la mwisho, na yuko tayari kuijibia. Hilo la tatu watu wanalisahau. Makala ikiulizwa kesho, lazima awepo mtu wa kusimama na kusema, “Hapa nilikosea” au “Hapa sikukosea.” Mtafiti akifa baada ya kufanya kazi lakini kabla haijachapwa, jina lake linabaki, tunaweka alama ndogo ya msalaba pembeni, na wenzake wanajibu badala yake. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Sasa niwaambie habari za Mwalimu Wenceslas, maana ndizo zilizonichosha.

Mwalimu Wenceslas alifundisha uvuvi na uhifadhi wa samaki katika taasisi yetu. Alikuwa mtu wa kupima, kisha kupima tena, kisha kusema bado hana hakika. Wenzake walimtania kwamba samaki wake watakufa kwa uzee kabla hajaandika habari zao. Alichapisha kidogo sana, na kwa sababu hiyo hakupanda cheo; alikufa akiitwa Mwalimu wakati wanafunzi wake wengine walishaitwa Dokta. Mmoja wao alikuwa Dokta Prosper, kijana hodari, mchangamfu, aliyempenda Mwalimu kama baba yake mzazi. Mjane tulimwita Maman Nzigire, kwa jina la binti yao. Alikuwa mwenyeji wa Bukavu, muuza vitenge katika soko la Kamembe, akivuka mpaka kwenda na kurudi.

Mnajua desturi yetu ya kumaliza matanga. Siku ile ya gukura ikiriyo, ndugu, majirani na watu wa kazini wanasimama mmoja mmoja na kutaja mbele ya wote watakachoiachia familia. Mmoja anatoa mbuzi, mwingine anaahidi kulima shamba la mjane msimu ujao, wanakwaya wanaahidi misa. Ukisimama mikono mitupu, ni bora usingesimama. Siku ya kumaliza matanga ya Mwalimu ndege ilikuwa inatua uwanjani, ikabidi kelele zipite kwanza, kisha Dokta Prosper akasimama, macho mekundu.

“Siye ba idara hatuna mbuzi,” alisema. “Lakini Mwalimu alitufundisha kazi. Tunamupatia artikle. Jina yake itakuwa ya kwanza.”

Watu wakapiga makofi, na wazee wa ukoo wakasimama kumpa mkono. Mimi pia nilipiga makofi, kwa sababu nilidhani wanazungumzia makala ya kazi ambayo Mwalimu aliiacha njiani nao wataimalizia. Maman Nzigire aliinamisha kichwa, na binti yake akamshika begani. Kwa familia ambayo baba yake alichekwa kwa kutochapisha, ile ilikuwa zawadi kubwa kuliko ng'ombe.

Baada ya muda makala ikaja. Ilihusu ukaushaji wa sambaza wa Nkanka kwenye vichanja, ina majedwali mazuri ya unyevu na ya siku samaki anazodumu. Jina la Mwalimu lilikuwa la kwanza, na msalaba wake. Jina la Prosper lilifuata, yeye akiwa ndiye mwandishi wa mawasiliano, yaani yule tunayeandikiana naye kwa niaba ya wote. Nikauliza swali langu la kawaida: nani atatia saini tamko la uandishi kwa ajili ya marehemu?

“Mujane wake atasinye,” Mhariri Mkuu akasema.

“Mujane anaweza kusinye kwamba bwana yake alikufa, Profesa. Hawezi kusinye kwamba aliandika.”

Akacheka, akanifananisha na ofisa wa forodha. “Mzee, uko na moyo ya duane. Kila muntu unamufungulia begi.”

Uamuzi ulikuwa wake, na aliamua; mjane akatia saini. Wahakiki walipitisha, makala ikatoka. Maman Nzigire alichukua nakala akawapelekea ndugu zake Bukavu, na nilisikia kwamba huko waliisoma kwa sauti, kichwa cha habari na majina, wakaishia hapo kwa sababu yaliyofuata yalikuwa majedwali.

Miaka ikapita kidogo. Nzigire akaanza shahada ya uzamili katika maabara ya Dokta Prosper. Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja wa Bujumbura. Alikuwa mstaarabu sana. Alisema majedwali ya makala yetu yanafanana na ya tasnifu ya mwanafunzi wake, aliyepima ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, na akaomba tuangalie. Nilichapa zote mbili nikaziweka pamoja mezani. Majedwali hayakufanana tu, yalikuwa ni yale yale. Hata kosa moja la uchapaji, nukta iliyokaa mahali pasipo pake, lilikuwa pale pale. Samaki wa Tanganyika walikuwa wamehamia Kivu bila jetoni.

Utaratibu katika hali hiyo ni kumwandikia kwanza mwandishi wa mawasiliano na kumpa nafasi ya kujieleza. Usimtangaze mtu kabla hujamsikia. Nikamwandikia Dokta Prosper. Jibu lake lilikuja fupi: majedwali hayo alipewa na marehemu Mwalimu Wenceslas, naye hakuwa na sababu ya kuyatilia shaka.

Nililisoma jibu lile mara kadhaa, na nikahisi uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilikuwa nimemjua Mwalimu. Mtu aliyekuwa akirudi Nkanka kupima upya kwa sababu jana kulikuwa na mawingu, huyo ndiye aliyeiba majedwali ya Bujumbura?

Kamati ya uhariri ikakutana: Mhariri Mkuu, mimi na wajumbe wachache ambao walipendelea kuangalia simu zao. Kwamba makala lazima iondolewe, hakuna aliyebisha. Kuondoa makala, kwa wasiojua, si kuichana na kuitupa. Inabaki mahali pake, ikipigwa muhuri kwamba imeondolewa, na pembeni tunachapisha tangazo linalosema ni kwa nini na ni nani aliyekosea, ili msomaji wa kesho asiitegemee na asimlaumu asiyehusika. Ubishi ulikuwa juu ya tangazo hilo.

“Tuandike vile Prosper anasema,” Mhariri Mkuu akashauri, sauti yake ya upole ile ile. “Marehemu hana kazi ya kupoteza. Huyu kijana iko na batoto badogo, na bibi yake iko na mimba.”

“Na kama marehemu hakuleta ile bintu?”

“Nani atajua, Mzee?”

Nilikuwa na kanuni tu: kabla ya tangazo, kila mwandishi anaarifiwa, na kama amefariki, anaarifiwa aliyetia saini kwa ajili yake. Nikasema Maman Nzigire lazima aambiwe. Mhariri Mkuu alivua miwani, akafuta vioo kwa muda mrefu.

“Basi enda weye,” alisema. “Miye siende.”

Nilimkuta Maman Nzigire kwenye meza yake sokoni, anakunja vitenge ambavyo mteja alikuwa amevifungua vyote na kuondoka bila kununua.

“Maman, nimekuya ju ya ile artikle ya Papa Nzigire.”

“Inatoka tena?” akauliza, uso ukachangamka.

Heri angenitukana. Nilimweleza kila kitu polepole, tasnifu ya Bujumbura, majedwali, jibu la Prosper. Mikono yake iliendelea kukunja mpaka niliposema neno wizi, ikasimama.

“Banasema Papa Nzigire njo aliiba?”

“Dokta anasema alipewa naye.”

“Prosper?” Aliangalia upande wa barabara kana kwamba Prosper angetokea kukanusha. “Prosper njo alibeba sanduku yake siku ya kuzika, upande wa kichwa. Bile bipimo, banasema alienda kubikamata wakati gani?”

Nikamtajia kama ilivyoandikwa kwenye makala: kiangazi kile cha mwisho kabla hajafa.

“Ile kiangazi alikuwa analala ku hospitali, kule Bukavu. Hata kusimama, hapana. Miye njo nilikuwa namuosha. Mzee, bwana yangu hakuandika ile kitu hata mustari moja. Balinambia ni zawadi. Nilisinye ju ni zawadi. Zawadi ya matanga, muntu anaikatalaka?”

Nilimwambia ukweli wake wote, maana nilikuwa nimekuja kwa hilo. Akinyamaza, makala itabaki ya mumewe, na wizi nao utakuwa wa mumewe. Akisema, mumewe atakuwa msafi, lakini watu wote, ndugu wa Bukavu na wanakwaya na majirani, watajua kwamba ile makala haikuwa yake kamwe. Hawezi kubakiza kimoja na kukataa kingine.

“Na Nzigire?” aliuliza. “Iko kusoma kwa Prosper.”

“Siwezi kukudanganya, Maman. Sijue.”

Alivuta kitenge kingine, akaanza kukikunja. “Enda, Mzee. Acha nifikiri.”

Hakuniaga. Nikarudi nyumbani, mke wangu akaniangalia na kusema niombe kustaafu kabla kazi hiyo haijanizika. Sikumbishia. Nilikuwa na umri wa kutosha, na nilikuwa nimechoka kweli kweli kupeleka habari ambazo wakubwa wangu hawakutaka kuzibeba.

Kamati ilipokutana tena, Maman Nzigire alifika. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango na kuweka mkoba mapajani. Dokta Prosper alikuwa ameitwa kujieleza, na alipomwona alisimama kumsalimu kama anavyomsalimu siku zote, kwa mikono miwili. Maman Nzigire aliipokea mikono yake.

“Prosper, mutoto wangu,” alisema. “Bwana yangu alikupatia bile bintu siku gani?”

Prosper aliangalia karatasi zilizokuwa mezani.

“Nakuuliza ju miye nilikuwa kwa kitanda yake kila siku. Nilikuwa naona benye kuingia. Weye ulikuwa unaleta machungwa. Karatasi sikuona.”

Mhariri Mkuu alijaribu kusema kwamba labda tuahirishe. Hakuna aliyemsikiliza. Prosper alikaa, akaufunika uso, na alipozungumza alimwambia Maman Nzigire, hakutuambia sisi.

“Maman, nilikuwa nimesema mbele ya bantu bote. Mulipiga makofi. Kisha nikarudi ku biro ya idara, nikaona hatuna kitu. Mwalimu hakuacha bipimo bya kutosha. Ningefanya nini, nikuletee ukurasa moja? Niliona haya. Nilitaka ikuwe kitu kikubwa, yenye kumufaa.”

Nilimwamini, na bado namwamini. Niliona katika miaka yangu wezi wa kila aina, wanaoiba ili wapande cheo, wanaoiba kwa uvivu, na wanaoiba kwa kuamini hatusomi. Lakini kuiba ili zawadi ya matanga isionekane ndogo, hilo nililiona kwetu tu.

“Hiyo naelewa,” Maman Nzigire akasema. “Ulimupenda. Sasa juu ya nini unamupatia makosa yako, na yeye hawezi kusema?”

“Niliogopa.”

“Na miye naogopa. Mutoto wangu iko mu mikono yako. Lakini nimekuya.”

Akatugeukia sisi. Alisema mumewe hakuandika makala ile, hakupima wale samaki, na yeye alitia saini bila kuelewa kwamba saini ile inamfanya mumewe awe wa kujibu. Aliomba liandikwe hivyo hivyo. Kisha akaulizwa kama anataka maji, akasema hapana, ana mzigo unamsubiri mpakani.

Mhariri Mkuu bado alijaribu. Alipendekeza tangazo liseme makala imeondolewa “kwa sababu za kiufundi”. Ninyi vijana, mkiona maneno hayo popote, mjue kuna mtu amefunikwa chini yake. Nilikuwa nimeshaandika rasimu yangu usiku uliotangulia, nikaongeza pale pale aliyoyakiri Prosper, na nikaisoma: kwamba majedwali yalichukuliwa kutoka tasnifu ya mtafiti mwingine, kwamba aliyefanya hivyo ni mwandishi wa pili, naye amekiri, kwamba marehemu hakushiriki, jina lake liliwekwa na wenzake baada ya kifo chake, na jarida lilikosea kulikubali. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomuuma zaidi Mhariri Mkuu, kwa sababu jarida lilikuwa ni yeye.

Alisema nitawaaibisha wote. Nikamwambia kwa wakati huu anayeaibika ni mtu mmoja, na yuko kaburini. Alitia saini bila kuniangalia, na kwa wiki nyingi hakuniuliza habari za familia yangu.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mazuri. Mwalimu wa Bujumbura alitushukuru, mwanafunzi wake akapata haki yake, hilo ni kweli. Dokta Prosper aliomba radhi kwa maandishi, akaacha kufundisha, akaenda kufanya kazi katika mradi wa maji. Nzigire alibaki bila msimamizi, akazungushwa idara hadi idara, na alichelewa kumaliza kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Sokoni kulikuwa na watu walioacha kununua kwa mama yake. Na kwenye mtandao, ukiandika jina la Wenceslas, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa ni ile makala yenye neno kubwa jekundu juu yake. Tangazo linaloeleza kwamba hakuhusika liko chini, na watu wengi hawafungui cha chini. Nilikutana na mtu barabarani, msomi kabisa, akaniambia kwa masikitiko, “Kumbe na Wenceslas alikuwa mwizi.” Nilimweleza palepale, jua likinichoma. Nimeshaeleza habari hiyo mara nyingi mno, na nitaendelea kuieleza, lakini msifikiri kwamba ukweli ukishachapwa umekwisha kazi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Kwenye sherehe ya kuniaga kijana mmoja wa idara aliniegemea sikioni akaninong'oneza kwamba wanaandaa makala na wangependa jina langu liwemo, kwa heshima. Nilimwomba wanipe kiti chenye mgongo mzuri. Walicheka wote, wakadhani ni utani, lakini kiti walileta, na ndicho ninachokalia ninapoandika haya.

Mnaniuliza kazi hii inataka nini. Inataka uvumilivu wa kuchukiwa na watu wazuri. Wabaya ni rahisi. Programu inawakamata, unawaandikia, wanatukana, wanaenda. Kinachomaliza nguvu ni mkuu wako mpole anayekuomba ufunge macho kwa ajili ya mtoto wa fulani, na kijana mwenye machozi ya kweli. Wote wana sababu. Kila niliposema hapana niliumia, na sikumbuki hata mara moja nilipotoka ofisini nikijiona shujaa.

Maman Nzigire alikuja nyumbani kwangu baada ya mimi kustaafu. Sikuwa nimezungumza naye tangu mkutano ule, na niliogopa amekuja kunilaumu. Mke wangu alimpa chai. Aliinywa yote kabla hajasema.

“Mzee, weye ulisoma bintu byote bya ile jarida. Iko hata kimoja yenye Papa Nzigire aliandika yeye mwenyewe? Kweli kweli?”

Sikujua. Nilimwambia anipe muda, nikarudi taasisini kama mgeni, nikakaa kwenye matoleo ya zamani ya enzi za padri, na nikaipata: dokezo fupi la Mwalimu alipokuwa bado kijana. Lilieleza jinsi wanawake wa Nkanka wanavyowageuza sambaza kwenye vichanja mawingu yanapotokea upande wa kisiwa cha Ijwi, na kwamba samaki waliogeuzwa mapema hawakuoza. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba bado hana hakika, anahitaji kupima tena. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kulitaja popote.

Nilimpelekea sokoni. Alifuta mikono, akasoma taratibu, midomo ikitembea, akigeuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi.

“Njo kwisha?”

“Njo kwisha, Maman. Ni kafupi.”

Alirudi mwanzo wa ukurasa, akaweka kidole chini ya jina la mumewe, kisha akakisogeza mbele kutafuta jina linalofuata. Hapakuwa na jina linalofuata.

“Paka yeye peke yake,” alisema.

“Ndiyo, Maman. Yeye tu.”